Kiangazi hiki: ghalani au maabara?

Swali: Shikamoo profesa. Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa pili, katika chuo kidogo hapa Iowa. Nilizaliwa Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaja Marekani nikiwa na miaka kumi na minne. Grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ninayo. Mshauri wangu wa masomo ameniambia kuna programu za utafiti za kiangazi zinazowatafuta wanafunzi wa jamii za wachache, na kwamba zinamsaidia mtu kuendelea mpaka uzamivu (PhD). Wastani wangu wa alama ni 3.1 kati ya 4.0. Baba anasema kiangazi ni cha kupiga zamu ghalani kama kaka zangu, maana kodi ya nyumba haingoji. Je, programu hizi ni za watu kama mimi kweli? Na binamu yangu aliyeko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye anaweza kuomba?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo, ni za watu kama wewe, na ningependa uombe msimu huu huu badala ya kungoja mwakani. Wastani wa 3.1 hauna shida. Programu nyingi huweka kiwango cha chini cha 3.0, na nyingine hazitaji kiwango chochote. Suala la baba na kodi ya nyumba ni zito, nitalifikia.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Mpango mmoja mkubwa hulipiwa na Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, NSF, na watu huuita REU, yaani uzoefu wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ulianza mwaka 1987. Chuo kinachopata fedha hizo huchukua kikundi kidogo cha wanafunzi, mara nyingi kama kumi, wengi wao wakitoka vyuo vingine. Huwapa chumba na posho ya dola 600 hadi 700 kwa wiki, kwa wiki nane mpaka kumi, kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Kila mmoja hukabidhiwa kwa profesa, na chini ya profesa kuna mwanafunzi wa uzamivu anayeshinda naye maabara kila siku. Hakuna mtihani. Unapewa swali moja la utafiti, unahangaika nalo kiangazi chote, na wiki ya mwisho unasimama mbele ya bango lako kueleza ulichokipata na ambacho hukukipata.

REU haiko peke yake. Chuo kikuu cha teknolojia cha MIT kilianzisha programu yake ya kiangazi mwaka 1986, kwa lengo lililotajwa waziwazi: kuongeza Wamarekani Weusi, wenye asili ya Mexico, Wapuerto Rico na Wahindi Wekundu katika sayansi na uhandisi. Mwaka huo huo umoja wa vyuo vikuu vya Big Ten, ambamo Chuo Kikuu cha Iowa kimo, ulianzisha programu ya namna hiyo iitwayo SROP. Chuo cha Georgia Tech kina programu iitwayo SURE, iliyoasisiwa na Gary May, mhandisi wa umeme aliyesoma hapo hapo, akachukua uzamivu wake Berkeley mwaka 1991, akarudi kufundisha, na mwaka 2017 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis. Mtu aliyepita njia hiyo mwenyewe ndiye aliyejenga daraja kwa waliomfuata.

Halafu kuna programu ya McNair, ambayo nakusihi uiulizie chuoni kwako wiki hii hii, kwa sababu huendeshwa ndani ya vyuo na pengine ofisi yake iko jengo la pili kutoka hosteli yako. Imepewa jina la Ronald McNair. Mwaka 1959, akiwa na miaka tisa, aliingia maktaba ya mji wao wa Lake City, South Carolina, akataka kuazima vitabu. Maktaba ile haikuwa ya watoto weusi. Mkutubi akaita polisi. Mtoto hakuondoka, akakaa akingoja mpaka akapewa vitabu vyake. Alisoma fizikia katika chuo cha Weusi cha North Carolina A&T, akapata uzamivu MIT mwaka 1976, akawa mwanaanga, na akafariki pamoja na wenzake sita chombo cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986. Bunge la Marekani likaanzisha programu kwa jina lake. McNair inawahusu wanafunzi wa kipato cha chini ambao wazazi wao hawana shahada, na kwa miaka mingi iliwapokea pia wale wa jamii zenye watu wachache katika masomo ya juu. Kwa ulivyojieleza, kama wazazi wako hawana shahada, nadhani unaingia.

Sasa, nani anahesabiwa? Kwenye fomu za Marekani, mtu mwenye asili ya watu weusi wa Afrika anaandikwa kundi moja na Wamarekani Weusi, awe alizaliwa Detroit au Uvira. Nawafahamu vijana wetu wengi wanaosita hapo, wakiona kama wanakalia kiti cha mtu mwingine. Usisite. Ila uelewe pia kwamba mambo yamebadilika. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuangalia rangi ya mtu katika kuchagua wanafunzi, na tangu hapo programu nyingi zimeandika upya masharti yake. Nyingi sasa hazitaji rangi kabisa. Zinauliza kama wewe ni wa kwanza kusoma chuo kwenu, kama chuo chako kina maabara za utafiti, na umepita njia gani kufika ulipo. NSF tangu zamani iliwahimiza wenye REU wachukue wanafunzi wa vyuo vidogo visivyo na utafiti mwingi, na hilo linakuangukia moja kwa moja.

La pili lililobadilika ni fedha. Mwaka 2025 misaada mingi ya utafiti ya serikali kuu ilikatwa, na baadhi ya REU zikafutwa wakati wanafunzi wameshatuma maombi. Kwa hiyo usiweke matumaini yako kwenye programu moja au mbili. Omba nane, hata kumi. Na kabla ya kutumia jioni nzima kuandika, mwandikie mratibu swali fupi: je, fedha za kiangazi hiki zimethibitishwa? Hilo ni swali la kawaida kabisa, hatakuona mkorofi.

Nije kwenye kiini. Watu hueleza programu hizi kana kwamba faida yake ni kuongeza mstari kwenye wasifu. Mimi nimekaa kwenye kamati za kuchagua wanafunzi wa uzamivu katika uhandisi, na nitakuambia tunachokitafuta tukiwa na mafaili mezani. Alama tunaziangalia, tunaziweka kando. Kisha tunasoma barua za mapendekezo, na hapo ndipo watu wanapotengana. Mwanafunzi wa chuo kidogo mara nyingi analetwa na barua inayosema: alikuwa katika darasa langu la watu hamsini, alipata A, ana nidhamu. Barua hiyo ni ya kweli lakini haitusaidii. Kazi ya uzamivu ni kukaa miaka mitano na swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu, na A ya darasani haisemi lolote kuhusu hilo.

Nikupe mfano wa kitu kinachotokea maabara, uone tofauti. Tuseme umepewa kupima nguvu ya vipande vya plastiki vilivyotolewa na printa ya 3D. Vipande hivyo vimechongwa vikiwa vyembamba katikati na vipana ncha zote mbili. Unakibana kila kimoja juu na chini kwenye mashine ya kuvuta, mashine inakivuta taratibu mpaka kikatike, na kompyuta inachora mstari wa nguvu dhidi ya urefu unaoongezeka. Wiki ya tatu matokeo yako hayaeleweki. Vipande vilivyo sawa kwa kila hali vinatoa namba zinazotofautiana mno. Mwanafunzi mmoja atachukua wastani wa namba hizo na kuendelea. Mwingine ataviokota vipande vilivyokatika, avipange mezani kimoja kimoja, na aone kwamba vile vyenye namba ndogo havikukatika katikati. Vimekatika pale vilipobanwa. Kumbe mashine ilikuwa inavijeruhi kabla ya kuvipima. Anarudi kwa kiongozi wake, wanaweka karatasi ya msasa kati ya taya za mashine na kipande, wanapunguza kukaza, na namba zinaanza kukaribiana.

Huyo wa pili atakapoomba uzamivu, profesa wake ataandika hicho kisa. Ataandika kwamba mwanafunzi huyu alizitilia shaka namba zake mwenyewe, akatafuta chanzo, na hakuambiwa na mtu. Barua yenye aya moja ya namna hiyo nimeiona ikimpandisha mwenye wastani wa 3.2 juu ya mwenye 3.9. Na kwa wanafunzi wetu ina uzito wa ziada: wanaosoma barua katika kamati mara nyingi wanamfahamu aliyeiandika, au wamesoma makala zake. Mwanafunzi wa chuo kikubwa huzaliwa ndani ya mtandao huo. Wewe huna namna ya kuupata ukiwa umekaa chuoni kwako, hata ukisoma usiku kucha. Ndiyo maana programu hizi zilianzishwa, na ndiyo maana nakuambia uende.

Tena kuna jambo ambalo sijui kwa nini halisemwi kwa sauti kwenye jamii zetu. Uzamivu wa uhandisi Marekani kwa kawaida hulipii. Profesa kwa fedha zake za utafiti, au idara kwa kazi ya kufundisha, hukulipia ada, hukupa bima ya afya na malipo ya kila mwezi. Katika vyuo vingi malipo hayo sasa yanazunguka dola 30,000 hadi 40,000 kwa mwaka. Si utajiri, lakini ni kazi yenye mshahara. Na unaweza kuingia ukiwa na shahada ya kwanza tu, bila kupitia uzamili. Uzamili ndio watu wengi hujilipia wenyewe, isipokuwa wapate ufadhili kama wa GEM, umoja ulioanza 1976 kwa ajili ya wahandisi wa jamii za wachache. Ukiwa mwaka wa mwisho unaweza pia kuomba ufadhili wa NSF uitwao GRFP, unaotoa dola 37,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Unawahusu raia na wakaazi wa kudumu, kwa hiyo grinikadi yako inatosha, na wanaosoma maombi huangalia sana kama umewahi kufanya utafiti. Mzee wako akisikia neno uzamivu huenda anaona miaka mitano mingine ya kulipa ada. Mweleze hili kwanza kabla ya kumweleza habari za kiangazi.

Tufike kwenye kodi ya nyumba. Piga hesabu naye mezani, kwa karatasi. Tuseme ghala linalipa dola 18 kwa saa. Saa arobaini ni dola 720 kwa wiki, wiki kumi ni 7,200. REU ya dola 650 kwa wiki inakupa 6,500 kwa wiki hizo kumi. Chumba umelipiwa, na baadhi hulipa nauli na chakula pia. Pengo si kubwa kama linavyoonekana kwa mbali, ingawa ukihesabu na ovataimu ghala linashinda, na sitaki umfiche baba hilo. Chuo kikifunga mapema Mei na programu ikianza Juni, una majuma kadhaa ya kupiga zamu, na Agosti vilevile. Wengi wanaofanikiwa kuwashawishi wazazi wao hukubaliana kiasi maalumu cha kutuma nyumbani kila mwezi, na wanakituma bila kukumbushwa.

Kuna mitego mitatu ya fedha ambayo huwaumiza wanafunzi wasio na akiba. Posho mara nyingi hailipwi kila wiki. Hutolewa kwa mafungu mawili au matatu, na la kwanza linaweza kuja wiki ya pili au ya tatu, kwa hiyo uliza tarehe mapema na uwe na pesa ya kula ya siku hizo. Nauli nayo: programu nyingi husema zitakurudishia baadaye. Waombe wakukatie tiketi wao wenyewe. Wengi hukubali ukieleza kwamba huna kadi ya benki ya kubeba gharama hiyo. Mwisho, kwa kawaida posho haikatwi kodi ya mapato pale inapotolewa, lakini ni pato la kutangazwa mwakani, basi weka kando sehemu yake.

Kwenye maombi, madirisha hufunguliwa kati ya Novemba na Desemba, na mengi hufungwa kati ya katikati ya Januari na katikati ya Februari. Hapo ndipo vijana wengi hupotea, kwa kuanza kufikiria kiangazi wakati theluji inayeyuka. NSF ina tovuti yenye orodha ya REU zote unayoweza kuichuja kwa fani, na fomu ya pamoja iitwayo ETAP inayotumiwa na baadhi yake. Usikimbilie majina makubwa tu. Vyuo maarufu hupokea maombi mengi kupita kiasi kwa nafasi chache, wakati REU ya chuo cha kati huko Nebraska au Arkansas inaweza kuwa na profesa mwenye muda wa kukaa na wewe. Ningegawa maombi kumi hivi: mawili ya vyuo vikubwa, yaliyobaki ya kawaida.

Utahitaji barua mbili za mapendekezo. Hapa lazima niseme jambo la malezi yetu. Tumefundishwa kwamba mwanafunzi mwema hamsumbui mwalimu, huketi kimya, huinamisha macho. Profesa wa Marekani akiona hivyo hasomi heshima, anasoma kwamba huna hamu. Saa zake za kuonana na wanafunzi zimewekwa kwa ajili yako na analipwa kwa ajili hiyo. Nenda kwa mwalimu wa themodinamiki na swali la kweli, hata kama ni lile ambalo ulikosa kwenye mtihani. Nenda tena juma linalofuata. Baada ya hapo mwambie unaomba programu za utafiti, muulize kama anaweza kukuandikia barua nzuri, na mpe wiki tatu angalau, pamoja na orodha ya programu na tarehe zake.

Insha yako ndiyo nyingine. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi waliopitia ukimbizi, na nyingi zinasimulia vita, safari na kambi kwa kurasa moja na nusu, kisha sentensi mbili za uhandisi mwishoni. Msomaji anaguswa, lakini hajui akuweke maabara ipi. Sikuambii ufiche Nyarugusu. Nakuambia uitazame kwa jicho la mhandisi. Ulikulia mahali ambapo ndoo zilipangwa foleni kwenye bomba, maji yakija kwa saa zake, na bomba la mwishoni mwa mstari likitiririka kama uzi wakati la juu limejaa nguvu. Kwa nini? Mgandamizo unapotelea wapi njiani? Mtu anayeanza na swali hilo, akaeleza alichojifunza darasani kinachomsaidia kulijibu na alichobaki bila kukijua, ameshaandika kama mtafiti. Historia yako itakuwa imo ndani bila kuililia. Kama mwaka wa kwanza alama zilishuka kwa sababu ya Kiingereza au kwa sababu ulikuwa unafanya kazi usiku, sema kwa sentensi moja na uendelee.

Binamu yako wa Dar es Salaam hawezi kupata REU. Fedha hizo za NSF ni za raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Hata mwanafunzi wa kigeni anayesoma Marekani kwa viza haruhusiwi kulipwa na fungu hilo, ingawa profesa wa chuo chake anaweza kumchukua kwa fedha nyingine. Lakini asikate tamaa. KAUST, chuo kikuu cha utafiti kilichoko Thuwal, Saudi Arabia, kina programu ya wanafunzi wageni iitwayo VSRP inayopokea mataifa yote, yenye posho na makazi, na huchukua miezi mitatu hadi sita. Chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, nacho hupokea wanafunzi wa nje katika programu yake ya kiangazi ya uhandisi. Ushindani ni mkali, na ushauri wa barua na insha ni ule ule.

Wewe anza na ofisi ya McNair, kisha mwalimu wa themodinamiki. Insha ukishaandika rasimu ya kwanza, nitumie niisome, hata ikiwa na makosa.